Namna ya Kubuni Karata Zako za Magic: The Gathering na Kuzipitisha kwenye Kikao cha Uhakiki

Kila anayeanza kubuni karata zake mwenyewe huja na maswali yale yale: karata hii igharimu mana ngapi (mana ni nishati ya kichawi ya kulipia karata), iwe ya rangi gani, maandishi yake yaandikwe vipi, na kwa nini wenzangu wameisoma wakaelewa kitu tofauti kabisa na nilichokusudia. Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa kufuata mpangilio wa kazi, kuanzia wazo la kwanza hadi karata inapochezwa mezani na watu wasiokuwa na sababu ya kukuonea haya. Nimechagua Magic: The Gathering, mchezo wa karata wa mapambano ya viumbe na uchawi, uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993, kwa sababu kanuni zake zimeandikwa kwa ukamilifu na karata zake za zamani na za sasa zinaweza kuchunguzwa na mtu yeyote. Ukibuni karata za Pokémon au Yu-Gi-Oh!, hatua nyingi zitakufaa, isipokuwa ile ya gharama, kwa kuwa michezo hiyo haitumii mana.

Jambo moja liko nyuma ya hatua zote zinazofuata. Karata yako itachezwa siku ambayo wewe hupo, na anayeisoma hatakuwa na mtu wa kumuuliza. Kwa hiyo kila kitu ambacho bado unalazimika kukieleza kwa mdomo ni sehemu ya kazi ambayo hujaimaliza.

Mahitaji kabla ya kuanza

Hakikisha una vitu hivi:

- Uzoefu wa kuucheza mchezo wenyewe. Kama hujawahi kumaliza michezo kadhaa, cheza kwanza, kwa sababu hakuna maelezo yatakayokufundisha jinsi inavyouma kukosa ardhi (karata zinazotoa mana) katika zamu ya tatu.
- Wenzako watatu hadi sita wanaojua kanuni. Mmoja wao awe mtu asiyekubaliana nawe kirahisi.
- Karatasi, penseli na daftari la kumbukumbu. Usianze na kompyuta.
- Mifuko ya plastiki ya karata yenye mgongo usioonyesha ndani, pamoja na karata za kawaida za kuwekwa ndani yake ili karatasi isilegee. Karata ya Magic ina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88, kwa hiyo karata tisa zinaenea katika ukurasa mmoja wa A4 ukizipanga safu tatu za tatu tatu. Pale ambapo mifuko haipatikani, gundisha karatasi juu ya karata za kawaida za kuchezea zenye ukubwa unaokaribiana na huo, au kata manila iliyo nzito kidogo.
- Njia ya kutafuta karata zilizopo. Tovuti ya Scryfall inakuruhusu kutafuta kwa maneno yaliyomo kwenye karata, kwa rangi na kwa gharama, na Gatherer ndiyo hifadhi rasmi ya kampuni yenyewe.

Programu kama Magic Set Editor, inayotoa karata yenye sura nzuri ya kuchapishwa, si ya lazima, na kwa maoni yangu inamdhuru anayeanza. Karata iliyokwisha kupambwa kwa picha na fremu humfanya mwenyewe aone uchungu kuifuta, ilhali kufuta ndiyo kazi utakayoifanya mara nyingi kuliko zote.

Hatua ya 1: Andika wazo kwa sentensi moja

Sentensi hiyo isiwe na namba wala maneno ya kanuni. Katika mwongozo huu tutafuata karata moja, Mvuvi wa Usiku, na wazo lake ni hili: mvuvi mdogo anapita katikati ya majitu bila kuonekana, kisha anarudi na kitu mkononi. Sentensi hiyo tayari inasema mengi. Karata ni kiumbe, ni kidogo, hakizuiliki na wakubwa, na kinampatia mwenyewe karata.

Tahadhari: ukihitaji kiunganishi "pia" ili kuikamilisha sentensi, huenda una karata mbili. Kosa hili ndilo ninalolikuta mara nyingi zaidi. Mtu anabuni shujaa anayeruka, anayeponya, anayeua na anayemfufua mwenzake, kisha anashangaa kwamba hakuna anayeikumbuka karata yake baada ya dakika tano. Weka sifa ya pili na ya tatu kwenye daftari, maana zitakuwa karata nyingine.

Hatua ya 2: Chagua rangi kwa kuangalia udhaifu wake

Wengi huchagua rangi kwa kuangalia inachoweza. Wewe anza na isichoweza, kwa sababu rangi tano za Magic zinapendeza kwa kuwa kila moja ina pengo linalomlazimu mchezaji kuchagua.

Nyeupe inajenga jeshi la viumbe vidogo, inaongeza uhai na kulinda utaratibu, lakini kihistoria inatatizika kuokota karata nyingi. Bluu inaokota karata, inazima uchawi wa mpinzani kabla haujatimia na ina viumbe vinavyoruka, lakini kiumbe kilichokwisha kutua mezani inakirudisha mkononi tu badala ya kukiua. Nyeusi inaua viumbe, inamlazimisha mpinzani kutupa karata na kununua nguvu kwa uhai wa mchezaji mwenyewe, lakini inashindwa mbele ya vyombo (karata za vifaa). Nyekundu inachoma moja kwa moja na kuvunja vyombo, ila enchantment (uchawi unaobaki mezani) ikishakaa mezani nyekundu haina la kuifanya. Kijani kina viumbe vikubwa na mana kwa wingi, kinavunja vyombo na enchantment, lakini kuua kiumbe kunakihitaji kuwa na kiumbe chake cha kupigana.

Mvuvi wetu ni wa bluu bila shaka: anaokota karata na anapita pembeni badala ya kupambana. Laiti wazo lingekuwa mvuvi anayemuua anayemzuia, ingetubidi tuhamie nyeusi au tuliache.

Hatua ya 3: Tafuta ndugu wa karata yako

Kabla ya kupanga gharama, ingia Scryfall ukatafute karata tatu au nne zinazofanya kitu kinachokaribiana na chako. Magic ina zaidi ya karata 25,000 tofauti, kwa hiyo ndugu wapo. Kwa Mvuvi wa Usiku nitazitaja mbili. Thieving Magpie inagharimu mana nne, mbili kati yake za bluu. Ni ndege wa nguvu 1 (madhara anayotoa) na ustahimilivu 3 (madhara yanayotosha kumuua) anayeruka, na kila anapomdhuru mpinzani unaokota karata. Looter il-Kor inagharimu mana mbili, ina nguvu 1 na ustahimilivu 1, karibu haizuiliki kabisa, lakini inapomdhuru mpinzani unaokota karata kisha unatupa moja.

Tazama wabunifu wao walivyopima. Kuokota bila kutupa kumewekwa kwenye mana nne. Kuokota na kutupa, ambako hakukuongezei idadi ya karata mkononi bali kunaboresha ulizonazo, kumewekwa kwenye mana mbili. Tayari umepata jibu la swali ambalo ungelibishania jioni nzima.

Hatua ya 4: Panga gharama

Hapa ndipo anayeanza hukosea zaidi, na nitakaa kidogo.

Chukua toleo la kwanza kabisa la mwaka 1993. Ndani yake Garfield aliweka karata tano, moja kwa kila rangi, kila moja ikigharimu mana moja na kila moja ikihusu namba tatu. Healing Salve ya nyeupe inaongeza uhai 3 au kuzuia madhara 3. Ancestral Recall ya bluu inaokota karata 3. Dark Ritual ya nyeusi inatoa mana 3. Lightning Bolt ya nyekundu inachoma madhara 3. Giant Growth ya kijani inakiongezea kiumbe 3 kwa 3 hadi mwisho wa zamu. Kwenye karatasi zinaonekana kulingana. Mezani Ancestral Recall ni miongoni mwa karata zenye nguvu kupita zote zilizowahi kuchapishwa, imepigwa marufuku katika mfumo wa mashindano wa Legacy na kuruhusiwa nakala moja tu katika mfumo wa Vintage; Lightning Bolt imebaki kipimo cha karata za kuchoma hadi leo; na Healing Salve haichezwi na mtu anayetaka kushinda. Namba tatu ni ile ile, lakini karata tatu mkononi na pointi tatu za uhai, kwa mchezaji anayeanza na pointi 20, ni vitu viwili visivyokaribiana thamani.

Kwa hiyo usipange gharama kwa kutazama ukubwa wa namba. Panga kwa kujiuliza kile kitu kinachopatikana kina thamani gani katika zamu kitakapotokea. Kwa viumbe visivyo na maandishi, anzia Grizzly Bears wa toleo hilo hilo: mana mbili, nguvu 2, ustahimilivu 2. Kila sifa nzuri unayoiongeza itolewe mahali fulani, ama kwenye namba hizo, ama kwenye gharama, ama kwa sharti.

Rasimu ya kwanza ya Mvuvi ilisomeka hivi: mana mbili, nguvu 1, ustahimilivu 3, na kila kiumbe chako chochote kinapomdhuru mpinzani, okota karata. Pima kwa macho tu. Mchezaji mwenye viumbe vitatu vidogo mezani anaokota karata tatu kwa zamu kuanzia zamu ya nne, na ustahimilivu wa 3 unamkinga Mvuvi dhidi ya wadogo wote wa mwanzo. Tukaondoa neno "chochote", tukamrudisha kwenye dhara analolifanya yeye mwenyewe, tukaongeza kutupa karata, na tukapunguza ustahimilivu hadi 2. Kwa kufidia, tukampa uwezo wa kupita kati ya majitu ambao wazo la awali liliudai.

Tahadhari: usibuni karata ya mana sifuri katika mwaka wako wa kwanza. Gharama ni breki, na karata isiyo na gharama inamwachia kila mtu mwingine kazi ya kutafuta breki.

Hatua ya 5: Andika maandishi ya kanuni

Uwezo wa karata ya Magic inayobaki mezani, kama kiumbe, unaandikwa kwa moja ya namna tatu. Ipo kauli inayofanya kazi muda wote, kama vile "hawezi kuzuiwa". Upo uwezo unaoamshwa na tukio, nao huanza kwa "Kila" au "Pindi" au "Mwanzoni mwa". Na upo uwezo unaolipiwa, ambao huandikwa gharama kwanza, kisha nukta mbili, kisha matokeo. Ukishindwa kuiweka sentensi yako katika mojawapo ya namna hizo, tatizo haliko kwenye lugha; hujaamua bado karata inafanya nini.

Amua mapema lugha ya maandishi. Kama kikundi chako kinacheza kwa karata za Kiingereza, kuandika kwa Kiingereza cha karata kunarahisisha kulinganisha. Ukiandika kwa Kiswahili, kama ninavyofanya hapa, weka orodha fupi ya maneno kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na usiyabadilishe: kuokota ni kuchukua karata kutoka rundo lako, kutupa ni kuitoa mkononi kwenda kaburini (rundo la karata zilizokwisha kutumika au kutupwa), kucheza ni kuilipia na kuiweka mezani, kulaza ni kuigeuza upande kuonyesha imetumika. Anayeandika "tupa" kwa maana mbili katika karata mbili atazua ugomvi ambao hakuna msimamizi atakayeweza kuuamua.

Mvuvi sasa anasomeka hivi:

*Mvuvi wa Usiku. Mana mbili, moja ya bluu na moja ya rangi yoyote. Kiumbe, mtu. Nguvu 1, ustahimilivu 2. Mvuvi wa Usiku hawezi kuzuiwa na kiumbe chenye nguvu 3 au zaidi. Kila Mvuvi wa Usiku anapomdhuru mpinzani katika mapigano, okota karata moja, kisha utupe karata moja.*

Angalia neno "kisha". Ukiandika tupa kwanza halafu okota, mchezaji asiye na karata mkononi hatupi kitu na anabaki na aliyookota. Ukiandika okota kwanza, daima anayo ya kutupa. Mpangilio wa vitendo viwili umebadilisha thamani ya karata bila namba yoyote kuguswa.

Tahadhari: tofautisha "okota" na "unaweza kuokota". Ya kwanza ni lazima hata kama rundo limebaki na karata moja. Pia usichanganye hadithi na kanuni. Sentensi kuhusu mwezi na mawimbi iende chini kabisa, kwa mwandiko wa kulala.

Hatua ya 6: Ivunje mwenyewe kabla wengine hawajaivunja

Jiulize maswali matatu, na uyajibu kwa maandishi. Je, matokeo ya uwezo huu yanaweza kulipia gharama yake yenyewe, hivyo ukarudiwa bila kikomo? Je, nakala nne mezani kwa pamoja zinafanya nini, maana mchezaji anaruhusiwa nakala nne katika deki (fungu la karata analochezea) ya kawaida? Je, namba ambayo nimeiweka kama adhabu inaweza kugeuzwa faida?

Swali la tatu lina kisa chake. Mwaka 2004 Wizards of the Coast walitoa Skullclamp, chombo cha mana moja ambacho kiumbe anayekibeba anaongezewa nguvu 1 na kupunguziwa ustahimilivu 1, na kiumbe huyo akifa, mwenye chombo anaokota karata mbili. Kumfunga kiumbe chombo hicho kunagharimu mana moja. Kile kipunguzo cha ustahimilivu kiliingizwa mwishoni mwa utengenezaji na hakikupata majaribio ya kutosha. Wachezaji wakakifunga kwa viumbe vyenye ustahimilivu wa 1, navyo vikafa papo hapo, na kila mana moja ikawa karata mbili. Iliyoonekana adhabu ikawa ndiyo injini. Ilitolewa Februari na ikapigwa marufuku katika mfumo wa mashindano wa Standard mwezi Juni mwaka huo huo. Wale walikuwa watu wa kulipwa, wenye chumba cha majaribio. Nasi tunaobuni nyumbani tuna kila sababu ya kuogopa badiliko dogo la dakika za mwisho.

Hatua ya 7: Tengeneza nakala ya majaribio

Andika kwa penseli, bila picha, herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa meza. Tengeneza nakala mbili au nne, zitie kwenye mifuko, na uandike pembeni namba ya toleo. Bila namba ya toleo, baada ya wiki mbili utakuwa na Wavuvi watatu tofauti ndani ya deki moja na hutajua ni yupi aliyeshinda.

Hatua ya 8: Endesha kikao cha uhakiki

Kikao kinahitaji msimamizi ambaye si mbunifu wa karata inayojadiliwa. Kila mtu alete karata zisizozidi tatu. Dakika 10 hadi 15 kwa karata moja zinatosha, na msimamizi awe na mamlaka ya kukata. Utaratibu uwe huu:

1. Mtu ambaye hajawahi kuiona karata anaisoma kwa sauti, kisha anaeleza kwa maneno yake inafanya nini. Mbunifu ananyamaza. Hata ikisomwa vibaya, ananyamaza, kwa kuwa kosa la msomaji ndiyo taarifa ya thamani kuliko zote atakazozipata siku hiyo.

2. Maswali ya kanuni yanafuata. Kwa Mvuvi, mjumbe mzuri atauliza hivi: kiumbe chenye nguvu 2 kikimzuia, halafu mwenyewe akakiongezea nguvu kwa Giant Growth, je, uzuiaji unafutika? Jibu ni hapana. Kanuni hukagua sharti la kuzuia wakati wazuiaji wanatangazwa tu, na kilichokwisha kuzuia kimezuia. Swali kama hili halipotezi muda. Linaonyesha kwamba mpinzani anayo mbinu dhidi ya Mvuvi, na hilo ni jambo jema.

3. Rangi inajadiliwa: je, uwezo huu ni wa rangi hii, na je, unaziba pengo ambalo rangi hii inatakiwa kubaki nalo?

4. Nguvu na gharama zinajadiliwa kwa ushahidi. Msimamizi asipokee kauli kwamba karata "ina nguvu mno" ikaishia hapo. Anayesema aeleze ni katika zamu ya ngapi, pamoja na karata zipi, na mpinzani angeweza kufanya nini kuizuia. Ataje pia karata iliyopo anayoilinganisha nayo.

5. Jina, picha na hadithi vinakuja mwisho kabisa. Vikianza, vitakula muda wote, kwa sababu kila mtu ana maoni kuhusu majina na ni wachache wenye maoni kuhusu ustahimilivu.

6. Mbunifu anapewa dakika mbili za mwisho. Hazitumii kujitetea. Anasema tu ni maoni yapi atayajaribu na yapi atayaacha, kisha anayaandika.

Lugha ya kikao ielekezwe kwa karata. "Karata hii inamnyima mpinzani zamu yake" ni hoja. "Wewe hupendi watu wacheze" si hoja. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona vijana wenye vipaji wakiacha kubuni baada ya jioni moja ya maneno makali, na karata walizokuwa nazo zilihitaji mana moja zaidi tu. Anayekosoa aanze kwa kutaja kitu ambacho karata inajaribu kukifanya, ili mbunifu ajue kwamba amesomwa kweli.

Hatua ya 9: Ichezeni

Jengeni deki mbili za karata 40, kila moja ikiwa na ardhi 17. Ili msisubiri karata ya majaribio itokee kwa bahati, kila mchezaji aanze mchezo nayo ikiwa mojawapo ya karata saba za mkono wa kwanza. Baada ya michezo kadhaa, badilishaneni deki. Kisha ichanganyeni kwenye deki kama karata nyingine na mcheze kama kawaida, kwa sababu karata inayopendeza mwanzoni mwa mchezo yaweza kuwa mzigo inapookotwa katika zamu ya kumi.

Baada ya kila mchezo, andika majibu ya maswali haya: kuna aliyesahau maandishi ya karata? Kuna aliyekaa bila la kufanya kwa sababu yake? Kuna aliyeiokota akafurahi, na akafurahi katika zamu ipi?

Hatua ya 10: Badilisha kitu kimoja kwa wakati

Ukiongeza gharama na kupunguza nguvu kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichotibu. Badilisha kimoja, andika toleo jipya, chezeni tena. Ukiridhika, sasa tumia programu, tafuta picha ambayo mchoraji wake amekuruhusu, na uchapishe kwenye stationari. Andika wazi kwamba si karata rasmi, na usiziuze. Sera ya Wizards of the Coast inaruhusu kazi za mashabiki mradi zitolewe bure na zisijifanye za kampuni.

Matatizo ya mara kwa mara na tiba zake

*Wote wanakubali karata ina nguvu mno, lakini kila mmoja ana sababu yake.* Ongeza mana moja na mcheze kabla ya kugusa maandishi. Malalamiko yakiendelea, kosa liko kwenye uwezo wenyewe. Jaribu kuongeza "mara moja tu kwa kila zamu".

*Karata haichezwi kabisa.* Hakikisha kwanza kwamba deki inaihitaji. Mvuvi ndani ya deki isiyojali karata zilizoko kaburini ni nusu ya Mvuvi. Akikosa kuchezwa hata nyumbani kwake, mpunguzie gharama au umwongezee ustahimilivu 1.

*Maandishi hayaenei kwenye nafasi yake.* Usipunguze herufi. Rudi hatua ya 1, ukatafute karata ya pili iliyojificha ndani.

*Wawili wanabishana kuhusu kanuni na kikao kimesimama.* Kanuni mbili za msingi zinamaliza mabishano mengi: maandishi ya karata yanapopingana na kanuni za jumla, karata inashinda, na pale athari moja inaporuhusu na nyingine inapokataza, inayokataza inashinda. Likibaki jambo, liandike na mwendelee, kisha mtu mmoja alitafute kwenye kitabu kamili cha kanuni kabla ya kikao kijacho.

*Karata za majaribio zinatambulika kabla hazijaokotwa.* Mifuko inaonyesha ndani au karatasi imenenepesha karata. Tia mifuko ya aina moja kwenye deki nzima, na uweke karata ya kawaida nyuma ya kila karatasi.

*Mjumbe mmoja anazungumza kuliko wote.* Katika awamu ya nguvu na gharama, kila mtu aandike kwanza gharama anayopendekeza kwenye kipande cha karatasi, kisha vifunuliwe kwa pamoja. Tofauti kubwa kati ya vipande viwili ndiyo ya kuijadili, na waanze kuzungumza walioziandika namba hizo.

*Umegundua kwamba karata yako ilishachapishwa miaka mingi iliyopita.* Soma gharama yake, utafute ilivyopokelewa na wachezaji wa wakati wake, na uilinganishe na yako. Kama namba zenu zinakaribiana, umejifunza kupima. Ibakize kwenye daftari kama ndugu wa karata zako zijazo, kisha uchukue ile sifa ya pili uliyoiweka kando katika hatua ya 1 uanze nayo.